Skrini za seva zionyeshe umri wa taarifa, si kijani kitupu

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na wenzetu wanaosimamia kompyuta katika ofisi, vyuo na hospitali za mkoa wa Tabora, na hasa tuseme na wakuu wanaowaidhinishia fedha. Ofisi ikishapata seva mbili tatu, hatua inayofuata huwa ni skrini ukutani yenye miraba ya kijani. Ni hatua njema na tunaiunga mkono. Kasoro ni kwamba miraba hiyo mara nyingi hujibu swali moja tu: seva imewaka au imezima? Kwa huduma ya saraka, swali hilo halitoshi hata kidogo.

Kwa msomaji asiyeijua, saraka ni masjala ya mtandao. Ndimo yanamotunzwa majina ya watumiaji, nywila zao zikiwa zimefumbwa, orodha ya kompyuta, makundi, na nani anaruhusiwa kufungua nini. Muuguzi akiingia kwenye kompyuta ya wodi, au mhasibu akifungua mfumo wa malipo, saraka ndiyo inayosema huyu tunamfahamu, apite. Ofisi yenye tawi Kaliua au Sikonge huweka huko seva yenye nakala ya daftari lote, ili wa tawini wasitegemee laini ya Tabora mjini kila wanapotaka kuingia kazini. Nakala hizo hunakiliana zenyewe kwa zenyewe, kazi ambayo mafundi huiita replikesheni. Na saraka huugulia hapo hapo: daftari la mjini linasema hivi, la tawini linasema vile, na seva zote mbili zimewaka vizuri.

Kipimo cha ping, yaani kuiita mashine na kungoja iitike, hakioni ugonjwa huo. Ping hujibiwa na mfumo endeshi wa mashine. Programu ya saraka inaweza kuwa imekufa tangu alfajiri, diski imejaa pomoni, na ping bado inajibu. Hata kukuta poti 389, ambayo saraka husikilizia, iko wazi ni sawa na kuona mlango wa masjala haujafungwa; hujui kama karani yumo. Kipimo cha chini kabisa kinachostahili kuitwa kipimo ni kuingia kwenye saraka kwa akaunti halisi, kutafuta jina moja linalojulikana limo, na kupima jibu limechukua muda gani. Ndani ya jengo moja jibu huja kwa milisekunde chache. Sisi huweka njano kwenye milisekunde 500, na nyekundu jaribio likishindwa mara 3 mfululizo kwa mapigo ya dakika moja moja. Likishindwa mara moja tu, msimpigie mtu simu usiku.

Kipimo kinachofuata ndicho kikubwa, nacho ni umri wa kunakiliana. Tuchukue Active Directory, saraka ya Windows, maana ndiyo iliyoenea. Seva zilizo eneo moja huarifiana baada ya sekunde 15 tangu badiliko liandikwe. Seva za maeneo mawili tofauti, kama mjini na tawini, hufuata ratiba, na ratiba inayokuja na mfumo bila kuguswa ni dakika 180. Waweza kuishusha hadi dakika 15, si chini ya hapo. Sasa piga hesabu. Mtumishi ameachishwa kazi saa 3 asubuhi na akaunti yake imezimwa papo hapo mjini Tabora. Kwa ratiba ya dakika 180, seva ya Kaliua inaweza kuendelea kumfungulia mpaka saa 6 mchana. Mkonga ukikatika siku 10, itamfungulia siku 10. Skrini inayopima ping itakuwa ya kijani siku zote hizo kwa upande wa mjini, na laini ikirudi itakuwa kijani pande zote hata kama kunakiliana hakujarudi.

Chombo cha kupimia umri huo kimo tayari ndani ya Windows Server, wala hakinunuliwi. Andika repadmin /replsummary. Utapata jedwali fupi la mistari michache: kila seva, kisha muda mrefu zaidi uliopita tangu iliponakiliana na mwenzake kwa mafanikio, kisha miunganisho iliyoshindwa kati ya yote, na mwisho namba ya kosa. Mstari unaosomeka 42m:10s, 0 / 5 ni wa afya. Unaosomeka 09d.04h:31m:07s, 5 / 5, pamoja na namba 1722, unasema seva hii haijapokea kitu kwa siku 9, imeshindwa kwa washirika wote, na kosa ni kwamba upande wa pili haufikiki kwa poti zinazohitajika. Namba 8524 huelekeza kwenye DNS, huduma inayogeuza majina ya mashine kuwa anwani. Seva iliyopitiliza siku 60 huandikiwa tu kwamba imezidi siku 60, na kwa hapo hamna haja ya kuuliza dakika. Endesheni amri hiyo kila dakika 15, msome muda na namba ya kosa, na mvitie kwenye dashibodi, yaani hiyo skrini ya ukutani, iwe kwa programu ya Zabbix au Grafana, zote zinapatikana bure.

Mipaka ya rangi ifuate ratiba. Tawi lenye ratiba ya dakika 60 lipewe njano likikosa mizunguko 3, na nyekundu likifikisha siku nzima. Atakayeweka njano kwa dakika 20 wakati ratiba ni dakika 180 atapata kelele mchana kutwa, na baada ya wiki moja hakuna atakayeinua macho kutazama skrini. Tunaona hilo ni baya kuliko kutokuwa na skrini kabisa.

Kwa nini tunang'ang'ania umri? Kwa sababu saraka haifuti jina palepale. Ukifuta akaunti, huachwa alama, kama jiwe la kaburi, ili seva nyingine zipate habari ya kifo hicho. Alama hukaa siku 180 katika misitu (yaani saraka nzima nzima) ya Active Directory iliyoanzishwa tangu Windows Server 2003 SP1, na siku 60 katika ile ya zamani zaidi. Kupandisha toleo la seva hakubadilishi hesabu hiyo yenyewe. Muda huo umeandikwa kwenye sifa iitwayo tombstoneLifetime, na mkikuta haina kitu, hesabu yenu ni 60. Seva ya tawi iliyozimwa ikasahauliwa kabatini kupita muda huo, kisha ikawashwa, inarudi na majina ambayo kwingine kote yameshazikwa na hata makaburi yake yameondolewa. Mfumo wenyewe hukataa kunakiliana nayo na kuandika kwenye kumbukumbu zake tukio namba 2042. Hapo wapo mafundi wanaotafuta swichi ya kulazimisha. Tunawasihi wasiiguse. Seva hiyo ivuliwe cheo cha domeni kontrola, yaani seva inayobeba saraka ya domeni, mabaki ya jina lake yasafishwe kwenye saraka, kisha isimikwe upya. Kazi hiyo yote humalizika kwa siku moja, lakini kuwasaka wafu waliofufuka ndani ya saraka kunaweza kula mwezi. Kwenye dashibodi, siku 30 za ukimya ziwe mpaka wa kuamua, si 170.

Sasa tuje kwenye umeme, jambo ambalo huku kwetu haliepukiki. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua zikiwa zimeshika, radi na kukatika kwa umeme huenda pamoja. UPS isiyounganishwa na seva kwa waya wa USB ni betri tu: ikiisha, seva inaanguka kama iliyochomolewa. Iunganisheni, ili chaji ikifika kiwango mlichopanga seva ijizime kwa utaratibu. Seva ikianguka ghafla, sehemu ya SYSVOL inayobeba sera za kompyuta zote inaweza kuamka ikiwa na jeraha. Kwenye Windows Server 2012 huduma inayoinakili husimama na kuandika tukio 2213, ikingoja mtu aje aiamuru iendelee. Asipokuja kwa siku 60 litafuata tukio 4012, na hapo huduma inakataa kabisa. Kuingia kwa watumiaji kunaendelea kama kawaida, jedwali la repadmin halina kosa, ila sera mpya hazifiki tawini. Kwa hiyo matukio hayo mawili yawe na mraba wake kwenye skrini, na yatazamwe kila baada ya umeme kurudi.

Umeme huharibu pia saa. Ndani ya kompyuta nyingi kuna betri bapa kama sarafu, CR2032 ya volti 3, inayolinda saa wakati mashine imezimwa. Ikifa, seva huamka na tarehe ya miaka iliyopita. Kerberos, ambayo ndiyo hutoa tiketi za kuingilia, huvumilia tofauti ya dakika 5 tu. Ikizidi hapo seva hazikubaliani tena, na ujumbe utakaouona hauzungumzii saa bali ruhusa, hivyo fundi hupoteza asubuhi nzima akikagua nywila. Dashibodi ipime tofauti ya saa kati ya kila seva na ile yenye jukumu la PDC emulator, ambayo ndiyo kiongozi wa saa katika domeni. Amri ni w32tm /monitor. Njano iwe dakika 1 na nyekundu dakika 3, ili pabaki nafasi ya kufanya kazi kabla ya dakika ya 5. Kiongozi huyo naye achukue saa kutoka nje kwa NTP, itifaki ya kusawazisha saa, poti 123 ya UDP. Na kama ni mashine pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya nyingine iitwayo mwenyeji, asivutwe huku na NTP na huku na mwenyeji wake, chagueni mmoja.

Kuna mtego mmoja wa saa tunaoukuta mara kwa mara. Seva imesimikwa ikaachwa kwenye ukanda wa saa wa magharibi mwa Marekani. Fundi anaona saa iko nyuma, anasogeza mishale mpaka ilingane na ya ukutani, anaridhika. Machoni saa ni sahihi, lakini ndani mfumo huhesabu kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, na UTC ya seva hiyo sasa imepotoka kwa saa 10 au 11. Rekebisheni ukanda kwanza, uwe UTC+3, kisha ndipo mguse mishale ikibidi.

Tunakuja kwenye kosa tunaloliogopa kuliko yote. Seva ikigoma kuwaka baada ya umeme kurudi, kishawishi kikubwa ni kurudisha picha ya mashine ya wiki iliyopita, ile snapshoti. Kwa mashine nyingine ni sawa. Kwa domeni kontrola inaweza kuwa sumu, na sababu yake ni hii. Kila badiliko seva inaloandika hupewa namba inayopanda. Tuseme seva ya mjini imefika 48,200, na ya tawini imekwisha kuandika kwake kwamba imepokea mpaka 48,200. Unarudisha picha ya zamani, seva ya mjini inarudi 47,500. Akaunti mpya unayoiunda leo inapewa 47,501. Tawi linaitazama namba hiyo na kusema hii nilikwisha kuipata, linaipita. Akaunti 100, nywila 200, zote zinapitwa vivyo hivyo mpaka namba ivuke 48,200. Hakuna kosa. Jedwali la repadmin linaonyesha dakika chache na sifuri ya makosa. Windows Server 2012 na matoleo yaliyofuata hujikinga kwa kitambulisho cha mashine pepe, iwapo programu ya mwenyeji nayo inakitambua, ila kinga hiyo haisaidii mtu aliyenakili diski nzima kwa mkono. Mfumo ukigundua huandika tukio 2095 na kuifungia seva hiyo. Usipogundua, kimya.

Ndiyo maana tunasema dashibodi ya saraka haijakamilika bila kipimo cha kuandika na kusoma. Fanyeni hivi. Kwa kila seva, undeni akaunti moja ya majaribio isiyo na ruhusa yoyote ofisini. Kazi ya ratiba, kila dakika 30, iandike tarehe na saa kwenye sehemu ya maelezo ya akaunti hiyo kupitia seva yake yenyewe. Kisha dashibodi isome akaunti zote kutoka kila seva. Wenye seva 3 watapata masomo 9: yale 3 ya seva kujisoma yenyewe yanathibitisha kuandika, na 6 ya kusoma mwenzake yanathibitisha mzigo umefika. Onyesheni umri wa kila somo kwa dakika. Anayeandika apewe ruhusa ya sehemu hiyo moja tu. Tafadhali msitumie akaunti ya msimamizi mkuu kwa kazi ndogo ya kuandika saa. Kipimo hiki kinakamata snapshoti iliyorudishwa, diski iliyojaa, laini iliyokatika, hata seva iliyozuiwa kutoa mabadiliko na mtu akasahau.

Wanaotumia OpenLDAP, programu nyingine ya saraka, juu ya Linux, kama baadhi ya vyuo, wao walinganishe contextCSN, alama ya badiliko la mwisho, ya seva kuu na ya tawi. Itajeni kwa jina mnapotafuta kwa amri ya ldapsearch, maana haiji isipoombwa. Inafanana na hivi: 20250312061500.000000Z#000000#001#000000. Sehemu ya mwanzo ni tarehe 12 Machi 2025, 06:15 kwa UTC, yaani 09:15 hapa kwetu, saa 3 na robo asubuhi. Linganisheni ya seva moja na ya nyingine, msilinganishe na saa ya ukutani, kwa sababu wikiendi nzima inaweza kupita bila badiliko na zote mbili zikabaki za Ijumaa bila ubaya wowote. Wenye kutumia ghala la mdb, ambamo OpenLDAP huhifadhi data, wakague ukubwa waliouruhusu kwenye maxsize. Usipoandikwa ni baiti 10,485,760, takriban megabaiti 10. Ikijaa, saraka inaendelea kusomeka vizuri na watu wanaingia, ila hakuna nywila itakayobadilika. Kipimo cha kusoma tu kitawaambia yote ni shwari.

DNS tutaisema kwa ufupi. Kompyuta huitafuta domeni kontrola kupitia rekodi za SRV, zinazosema huduma fulani iko kwenye seva gani, kwa hiyo pimeni kama rekodi ya _ldap._tcp.dc._msdcs ya domeni yenu inajibu kutoka kila tawi. Fundi aliyeweka 8.8.8.8, DNS ya Google, kwenye kompyuta ili intaneti iwe nyepesi ameificha masjala, kwani Google haiijui domeni yenu ya ndani. Cheti cha poti 636, inayopitisha saraka kwa usimbaji, kipewe onyo siku 30 kabla hakijaisha. Tukio 4740, la akaunti kufungwa, lihesabiwe kwa saa. Likipanda ghafla kwa jina moja mara nyingi ni simu yenye nywila ya zamani kwenye Wi-Fi, na likipanda kwa majina mengi pamoja kuna mtu anabahatisha nywila.

Kuna rangi moja inayosahaulika, nayo ni kijivu. Kipimo kisipoleta jibu, dashibodi nyingi huendelea kuonyesha thamani ya mwisho iliyopokelewa. Kijani unachokitazama kinaweza kuwa cha jana, au cha kabla ya mvua. Kwenye Zabbix tumieni nodata() ili ukimya wenyewe uwe onyo. Kwenye Grafana msiache kisanduku kichukue thamani ya mwisho bila kuonyesha imepokelewa lini. Tunashauri kila mraba uandikwe saa ya kipimo chake cha mwisho, kwa tarakimu zinazosomeka kutoka mlangoni.

Mashine ya dashibodi isiwe mojawapo ya zile inazozipima. Kompyuta ya kawaida yenye RAM ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 50 inatosha kwa seva chache. Kuingia kwake kuwe kwa akaunti ya ndani, si ya saraka, la sivyo siku saraka ikilala hamtaweza hata kufungua skrini ya kuwaambia imelala. Maonyo yapite kwenye modemu ya USB yenye laini ya simu, kwa SMS, kwani barua pepe hazitoki intaneti ikikatika. Na kila siku saa 2 asubuhi mashine hiyo itume SMS moja ya kusema ipo hai. Isipofika hadi saa 2 na robo, mpokeaji ajue mlinzi mwenyewe kaanguka.

Wakuu wa idara, haya yote hayahitaji zabuni. Yanahitaji modemu moja, betri za CR2032 za akiba, waya wa USB wa UPS, na watu wawili, mmoja wa zamu na mwingine wa kumpokea, wenye daftari la kuandika kila onyo lilipotokea na lilikoishia. Kwenye daftari hilo andikeni saa kwa namna mbili: 06:15 ya UTC kama ilivyo kwenye kumbukumbu za mashine, na saa 3 na robo kama tunavyoisema, ili atakayefungua kurasa hizo miezi 6 baadaye asitafute kosa la asubuhi kwenye kumbukumbu za alfajiri.

Mafundi wa seva na mitandao,
Tabora